Kamba, Rede na Moyo Uliolemewa: Somo Kutoka Ipuli



Somo la robo mwaka hii linatoka Ipuli, kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, na linahusu jambo ambalo baadhi yenu mtasema ni la watoto: kuruka kamba na kucheza rede. Tunaomba mlisome hadi mwisho kabla hamjaliweka pembeni. Sisi wenyewe tulilidharau kwa muda mrefu. Dharau yetu iliwagharimu wafadhili fedha na, lililo baya zaidi, ilimgharimu binti mmoja.

KOSA TULILOLIFANYA

Tuliombwa na kamati kuwasaidia kina mama na mabinti ambao, kwa maneno ya mama mwenyekiti, "wapo lakini hawapo". Walikuwa wakifika kwenye jumuiya, wanakaa nyuma, hawachangii neno, na sala ya mwisho ikiisha wanaondoka wa kwanza. Baadhi yao walikuwa wamefiwa. Baadhi waliachiwa watoto. Wengine walikuwa wametoka katika msimu wa tumbaku wakiwa na deni badala ya fedha. Na wengine hawakuwa na sababu yoyote ambayo jirani angeweza kuitaja, na hao ndio waliosemwa vibaya zaidi, kwa kuwa watu huona huruma kwa mwenye msiba lakini asiye na msiba huitwa mvivu au mwenye kiburi.

Nasi tukafanya kile ambacho mashirika kama yetu hufanya. Tuliandika andiko la mradi. Tukaomba seti mbili za jezi, mipira, filimbi na kikombe. Tukaandaa bonanza la mpira wa pete, tukaalika mgeni rasmi, tukapiga picha nyingi.

Katika mchezo wa mwisho binti mmoja, mfungaji, alikosa magoli yaliyokuwa wazi na timu yake ikashindwa. Hakuna aliyemtukana. Ilitosha kwamba wakati wa kurudi nyumbani wenzake walitangulia na yeye akabaki nyuma peke yake na mfuko wa jezi. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini. Baadaye tukasikia ameacha na kwaya. Katika taarifa yetu kwa wafadhili tuliandika idadi ya wanufaika, na yeye alikuwa mmoja wao. Idadi ilikuwa sahihi. Neno "wanufaika" ndilo halikuwa sahihi.

ALASIRI MOJA CHINI YA MWEMBE

Jambo tunalotaka kuwaeleza halikuandikwa kwenye mpango kazi wowote. Tulikuwa na kikao na kina mama, na mtoa mada alichelewa. Watoto waliokuja na mama zao walikuwa na kamba ya katani, wawili wakiizungusha na wengine wakiingia na kutoka. Mama mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, akasimama, akafunga khanga yake vizuri, akavua kandambili na kuingia kwenye kamba. Aliruka mara mbili, ya tatu ikamnasa miguuni. Kina mama wote wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Akasema, "Zamani nilikuwa naruka mpaka adhana ya magharibi." Mwingine akainuka kumwonyesha kwamba yeye bado anaweza. Hakuweza.

Mtoa mada alipofika alikuta kikao hakipo. Kulikuwa na kina mama wenye vumbi hadi magotini, wamekaa kwenye mkeka wakihema, wakila matobolwa na karanga, na wanaongea wote kwa pamoja. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja mjane ambaye kwa miezi mingi hatukumsikia sauti. Alikuwa ameruka mara moja tu. Tulipokuwa tunaagana alimwambia mfanyakazi wetu, "Leo nimesahau kidogo." Akaulizwa amesahau nini. Akasema, "Vyote. Kwa muda ule wa kamba."

Tulikwenda na maneno hayo ofisini, na tangu hapo tumejaribu kuyaelewa. Somo hili ni matokeo ya kujaribu huko.

MOYO KULEMEWA NI NINI

Katika lugha ya hospitali kuna neno sonona. Kila mtu hupata huzuni, na huzuni ya msiba si ugonjwa. Sonona ni hali inayomkaa mtu karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi: moyo mzito, au kukosa raha hata kwa vitu alivyovipenda, usingizi kupotea au kuzidi, chakula kutopita, uchovu usio na kazi, kushindwa kukaza akili, kujiona hana thamani, na kwa baadhi, mawazo ya kufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 duniani wanaishi na hali hiyo, na wanawake wanapatwa zaidi kuliko wanaume. Kwetu wengi hawasemi "nina sonona". Wanasema kichwa kinauma, mgongo unawaka, moyo unakwenda mbio, au "nina mawazo". Anayesikia neno "mawazo" asilichukulie kuwa jepesi.

Tunapenda wanakamati watazame namna ugonjwa huu unavyojilinda. Mtu aliyelemewa huacha kutoka. Akiacha kutoka, hapati jambo la kumfurahisha. Asipopata la kumfurahisha, analemewa zaidi na sababu ya kutoka inapungua. Mduara huo hauvunjwi kwa kumwambia "jipe moyo". Wataalamu wa afya ya akili wanayo njia moja rahisi kueleza, nayo ni kuanza na kitendo kabla ya hisia: mtu anafanya jambo dogo, analifanya hata kama hana hamu, na hamu inafuata nyuma polepole. Kwa mtu wa namna hiyo kamba ni kitendo kidogo kuliko vyote tulivyowahi kuvipendekeza. Haihitaji kusoma, haihitaji mtaji, na inaisha kwa sekunde chache.

KWA NINI MCHEZO, NA KWA NINI WA KUKOSEA

Mwili una sehemu yake. Mtu akiruka au akikimbia, moyo unapiga haraka, pumzi inaongezeka, na mwili hutoa kemikali zinazopunguza maumivu na kuinua hali ya moyo. Usiku wake usingizi huja mapema zaidi. Kwa mtu mwenye hofu kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Mtu huyo huogopa mapigo ya moyo wake mwenyewe. Yakianza kwenda mbio hudhani anakufa. Kwenye kamba moyo unakwenda mbio, anacheka, na hafi. Akirudia hivyo wiki kwa wiki, mwili unajifunza kwamba mapigo ya haraka si hatari kila mara.

Rede ina lake. Kwa wafadhili wasioijua: wachezaji wawili wanasimama pande mbili, umbali wa hatua kumi hivi, na mmoja anakaa katikati na chupa tupu. Wale wawili wanamlenga kwa mpira mwepesi wa soksi uliojazwa matambara. Yeye anakwepa, na huku anakwepa anajaza chupa mchanga kwa mikono. Mpira ukimgusa anatoka, mwenzake anaingia. Udongo wa Tabora ni wa kichanga, kwa hiyo Ipuli vifaa vyote vya mchezo huu vinapatikana chini ya miguu ya wachezaji. Sasa fikirini: mtu anayetazama mpira mbele, anasikiliza hatua nyuma, na kuchota mchanga, atapata wapi nafasi ya kurudia akilini deni lake au maneno ya mume wake? Yule mama mjane alisema kweli. Amesahau, kwa muda. Muda huo ni dawa kwa mtu ambaye akili yake haijawahi kupumzika tangu Januari.

Lakini jambo ambalo tumeliona kuwa kubwa zaidi ni hili. Katika michezo hii kila mtu anakosea, na anakosea mbele za watu. Hakuna aliyewahi kuruka kamba bila kunaswa. Hakuna aliyecheza rede bila kupigwa mpira. Unakosea, mnacheka, unashika kamba, mwingine anaruka, zamu yako inarudi. Mtu aliyelemewa anaishi na aibu. Anaamini kwamba akionekana amekosea ndio mwisho wake, ndiyo maana anakaa nyuma na hachangii neno. Pale uwanjani anakosea mara kumi kwa alasiri moja na kila mara anapewa zamu nyingine. Sisi tunaamini kujiamini kwa kina mama wa Ipuli kulitoka hapo, zaidi ya kutoka kwenye mapigo ya moyo na usingizi. Miezi mitatu baadaye baadhi yao walianza kuuliza maswali kwenye vikao vya VICOBA, na mmoja alikataa hesabu aliyosomewa na mweka hazina. Mweka hazina hakufurahi. Hesabu ilirekebishwa.

Kikombe kinaondoa faida hiyo yote. Kikombe kikiwekwa mezani, kukosea kunakuwa hasara ya wenzako, na aliye dhaifu ndiye wa kwanza kuona ni afadhali abaki nyumbani. Ndivyo tulivyomfanyia yule binti.

UTAFITI UNASEMA NINI

Wafadhili wetu wana haki ya kuuliza kama haya ni zaidi ya hisia zetu. Tumesoma tulivyoweza, na tuliyoyakuta yametufanya tuwe waangalifu.

Mwaka 2024 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 218 zilizohusisha watu 14,170 kuhusu mazoezi na sonona. Kutembea na kukimbia, yoga, na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito yalionyesha nafuu. Kucheza dansi kulionyesha nafuu kubwa kuliko yote, ingawa waandishi walitahadharisha kwamba waliochunguzwa kwa upande wa dansi walikuwa wachache. Hilo lilitufurahisha, kwa kuwa kamba na dansi ni ndugu.

Yaliyofuata hayakutufurahisha. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walifuatilia vijana waliojiunga na ligi ya mpira wa miguu iliyoanzishwa kwa nia njema baada ya vita. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Wavulana waliocheza ligi walionekana kuwa na hali mbaya zaidi ya moyo kuliko wenzao waliokuwa wakisubiri zamu, na kwa wasichana hakukuonekana faida ya wazi. Tulisoma sentensi hizo tukimkumbuka binti wetu na mfuko wa jezi. Hatusemi mpira ni mbaya. Tunasema mashindano si tiba, na mtu asitumie fedha za afya ya akili kununua kikombe.

Utafiti mwingine wa eneo hilo hilo, uliochapishwa mwaka 2007, ulikwenda kwenye kambi mbili za wakimbizi wa ndani, kwa vijana 314 wenye umri wa miaka 14 hadi 17. Kundi moja lilikaa kwenye vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa kwa utaratibu maalumu. Kundi la pili lilipewa michezo na sanaa. Kundi la tatu lilisubiri. Wasichana wa vikundi vya mazungumzo walipata nafuu ya sonona. Michezo peke yake haikupunguza sonona kuliko kusubiri. Hili linatuuma kidogo, maana tungependa kuwaambia kwamba kamba inatosha. Haitoshi.

Kuna utafiti wa tatu, wa mwaka 2003, katika wilaya za Masaka na Rakai, karibu na mpaka wetu wa Kagera. Watu wazima wa vijiji 30 walihusika. Katika nusu ya vijiji hivyo vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili tu. Waliokuwa na sonona kwenye vikundi walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walitoka asilimia 94 hadi 54.7. Wanakamati, angalieni tena maneno hayo: wenyeji, wiki mbili za mafunzo. Hawakuwa madaktari.

Kwa hiyo tunayaweka mambo mawili pamoja, kama yalivyojipanga yenyewe alasiri ile: kwanza kamba, halafu mkeka. Mama aliyenyamaza miezi sita hawezi kuitwa moja kwa moja kwenye kikundi cha kuzungumza mambo ya moyo. Atakuja mara moja na kukaa nyuma. Lakini akishakimbia, akacheka, akahema, anakaa kwenye mkeka akiwa ameshaonekana katika udhaifu wake bila kudhurika. Maneno yanatoka kwa urahisi zaidi. Mchezo unafungua mlango, na kazi inafanyika kwenye mkeka.

ARDHI HII INAJUA

Mzee mmoja wa Ipuli alituambia hatujaleta kitu kipya, na alikuwa na haki. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19. Wanyamwezi walibeba pembe na vitambaa kati ya Unyanyembe na pwani ya Bagamoyo, mwanamume mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani, kwa safari ya miezi. Mbele alitembea kirangozi na ngoma. Wasafiri wa Ulaya waliopita njia hiyo, akiwemo Richard Burton aliyefika Kazeh mwaka 1857, walishangaa kwamba wapagazi waliotembea tangu alfajiri waliweza kucheza ngoma kambini usiku. Walidhani ni utoto. Sisi tunadhani waliokuwa na mzigo walijua zaidi kuliko waliokuwa na daftari. Tusiipambe historia hiyo, maana njia ile ile ilipitisha watumwa, na hao hawakucheza. Lakini kwamba mwili uliobeba mzigo unahitaji kuchezeshwa kabla ya kulala, hilo lilijulikana hapa kabla ya shirika lolote kuandika andiko la mradi.

Mtu atauliza: mbona ngoma zetu zina mashindano? Ni kweli. Jirani zetu Wasukuma wana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana tangu karne ya 19, na mpaka leo wakati wa mavuno uwanja hujaa. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement aliyaingiza mashindano hayo katika sherehe ya Bulabo wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Tumelifikiria swali hili. Pale kinachoshindana ni chama kizima, mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi, na mchezaji mmoja akikosea mguu hapotezi kikombe cha wenzake. Anafunikwa na safu. Mfungaji wa mpira wa pete hana wa kumfunika.

Kutoka kwa Wasukuma tumeazima pia wigashe, ngoma inayochezwa watu wakiwa wamekaa, mikono na mabega yakifanya kazi. Bibi mmoja wa Ipuli mwenye magoti mabovu ndiye aliyetukumbusha. Alichoka kuwa mtazamaji. Sasa kuna safu ya mabibi wanaocheza wakiwa kwenye viti na mkeka, na kelele zao zinawazidi wanaoruka.

KAMATI IKITAKA KUANZA

Kamba ya katani yenye urefu wa mita sita hadi nane inatosha, na bei yake haifiki bei ya jezi moja. Mpira wa soksi hutengenezwa nyumbani. Chupa zipo. Siku iwe moja au mbili kwa wiki, saa kumi na moja jioni jua likipoa. Wakati wa masika, mvua ikinyesha, hamieni ukumbini na chezeni za kukaa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wa mwaka 2020 linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, lakini tunawasihi msiwasomee kina mama namba hiyo. Wanaochota maji, kulima na kutembea kwenda sokoni wameshaipita. Wanachokikosa ni mwendo usio wa kazi.

Uwanja una umuhimu kuliko vifaa. Kina mama wa Ipuli walitaka nyuma ya ukumbi, mbali na barabara, kwa sababu mtu mzima akiruka kamba hadharani vijana wa bodaboda hupiga honi. Wape nafasi hiyo bila kuwauliza kwa nini. Waume waelezwe mapema na wazee wa jumuiya. Mume mmoja alikuja kuuliza mke wake anafundishwa nini, akapewa mwisho wa kamba ashike, na sasa huja kila wiki kwa kisingizio hicho. Kwa wanaume kwa ujumla hatujafanikiwa. Wanakuja kutazama, wanatoa ushauri, hawachezi. Wakiwa na bao mbele yao hawainuki. Kamati yenye mbinu ituandikie.

Mwenye shinikizo la damu, mjamzito, aliyejifungua karibuni au mwenye maumivu ya kifua asiruke kabla ya kumwona mhudumu wa afya; akae safu ya wigashe au ashike kamba. Kushika kamba ni kucheza. Msihesabu pointi. Msimpe mtu zawadi ya kuruka mara nyingi, hata sabuni. Tulijaribu sabuni mara moja na jioni ile haikuwa na kicheko.

Mkeka unahitaji maandalizi zaidi ya kamba. Chagueni kina mama wawili wanaojulikana kwa kutunza siri. Msichague kwa cheo. Wapate mafunzo kutoka kwa mhudumu wa afya ya akili, na kabla ya mazungumzo ya kwanza kikundi kikubaliane kwamba yanayosemwa mkekani hayaendi kisimani. Kazi ya viongozi hao ni kusikiliza na kuuliza, na kuzuia mahubiri. Hapo tunawaomba radhi makatekista wetu, lakini mtu anayesema "sioni sababu ya kuamka" akijibiwa haraka kwa mstari, hatasema tena.

Na akisema anataka kufa, au kwamba watoto wangekuwa na nafuu bila yeye, aulizwe waziwazi kama ana mpango wa kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo kituo cha afya au Hospitali ya Kitete, ambayo ni ya rufaa ya mkoa, akiwa na mtu anayemwamini. Nauli ya safari hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Kati ya fedha zote tunazowaomba wafadhili kwa kazi hii, hiyo ndiyo ya kwanza kwetu.

TAARIFA TUNAYOIHITAJI

Fomu zetu za zamani ziliuliza washiriki wangapi, michezo mingapi, nani mshindi. Tumezibadilisha. Sasa tunauliza: nani alikosa wiki mbili na kisha akarudi, na nani alimfuata nyumbani? Nani amezungumza kwa mara ya kwanza? Kina mama wamelalaje wiki hii? Nani amepelekwa hospitali, na amerudi na nini? Wahudumu wa afya wanalo dodoso la maswali tisa la kupima sonona, na pale inapowezekana wao ndio walitumie, mwanzoni na baada ya miezi minne, si sisi. Kamati zisiogope kuandika "hakuna mabadiliko" au "ameacha". Mfadhili mmoja alituuliza kwa nini taarifa ya Ipuli ina majina machache kuliko ya bonanza. Tulimweleza habari ya binti wa mpira wa pete, na akatuongezea fedha ya nauli.

Kamati zinazosoma somo hili pamoja zinaweza kuanzia na swali ambalo Ipuli walianza nalo: katika jumuiya yetu nani yupo lakini hayupo, na mara ya mwisho tulimwona akicheka ni lini? Jina lisitajwe kikaoni. Kila mmoja afikirie mtu wake, kisha mmoja aliye karibu naye aende kumwalika aje kushika kamba tu.

Yule binti alifika mwezi uliopita. Alikuja na mdogo wake, akasimama karibu na ukuta, na mama mmoja akampa mwisho wa kamba bila kumsemesha. Amekuja majuma matatu mfululizo. Anazungusha vizuri, kwa mwendo wa taratibu unaowafaa mabibi. Bado hajaruka, na hakuna aliyemwomba aruke.